Pamba Tuliijua, Uzi Hatukuujua

Katika kiwanja cha parokia yetu, hapa Kindu, chini ya mwembe ulio karibu na nyumba ya mafundisho, kuna kitu ambacho wageni hukitazama wakacheka. Ni gurudumu la baiskeli lisilo na mpira, limesimamishwa juu ya ubao, na upande mmoja lina mkono wa kulizungusha. Mbele yake umelazwa msumari mrefu wa chuma ulionolewa ncha, na kamba moja yaunganisha gurudumu na msumari. Mtoto mmoja alituuliza kama ni mashine ya kunolea visu. Sivyo. Ni gurudumu la kusokotea uzi wa pamba, na seremala wa parokia ndiye aliyeliunda.

Tangu kiangazi cha mwaka jana baadhi yetu, yaani akina mama kumi na wawili, vijana wanne, na sisi tunaofundisha katekisimu, tumekuwa tukijifunza kusokota. Tulidhani tunajifunza kazi ya mikono tu. Kumbe tulikuwa tunafungua kitabu cha habari za nchi yetu, na kurasa zake nyingine zina machozi. Habari hizo ndizo tunazotaka kuwaeleza leo, wapenzi wasomaji.

SIKU YA KWANZA

Fundi wetu alikuwa mama mmoja aliyetoka upande wa Kivu, naye alijifunza kazi hiyo kwa kusokota sufu ya kondoo. Alichukua kipande cha pamba iliyokwisha kutolewa mbegu na kuchanwa, kimeviringishwa kama sigara. Akakigusisha kwenye ncha ya msumari, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kuume, na mkono wa kushoto ukarudi nyuma polepole, kama wa mtu avutaye ndoana majini. Uzi ukatoka. Ulitoka mwembamba na sawasawa, kana kwamba ulikuwa umefichwa ndani ya pamba tangu mwanzo. Tukaambiana, "Kumbe ni rahisi!"

Basi tukaketi sisi. Uzi wa kwanza ulikatika kabla haujafika shubiri moja. Wa pili ukajikunja kama mkia wa nguruwe. Wa tatu ulikuwa mnene hapa kama kidole, na pale mwembamba kama utando wa buibui, kisha ukaachana wenyewe ukaanguka mapajani. Jioni, watu kumi na saba tulioketi kwa zamu, hatukuwa na pima mbili za uzi usiokatika.

Yafaa msomaji ajue sababu. Unywele mmoja wa pamba una urefu wa sentimita 3 hivi, au kupungua. Peke yake hauna nguvu, na ni laini, wateleza. Lakini nywele nyingi zikilazwa pamoja na kusokotwa, zaumana, na hapo nguvu huzaliwa. Kazi ya gurudumu ni kusokota kwa haraka. Gurudumu letu lina upana wa sentimita 60, na kijigurudumu kilicho kwenye msumari kina sentimita 2. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, msumari wazunguka mara 30 hivi. Mkono wa kuume wasokota, wa kushoto wavuta, na mikono hiyo miwili haina budi kusikilizana. Ukisokota kuliko unavyovuta, uzi wajikunja. Ukivuta kuliko unavyosokota, uzi waachana. Tena kuna kosa la tatu, nalo ndilo kosa la kila mwanafunzi: kushika kwa nguvu. Mkono wa mtu mwenye hofu hukaza, na pamba iliyokazwa haitoki.

Siku hiyohiyo, karibu na magharibi, alipita mama mzee mmoja ambaye mtaani petu sote twamwita Koko. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa ameketi kwenye gurudumu. Koko akasimama, akatazama pamba iliyokuwa kikapuni, akamshika mtoto mkono akamwinua. Kisha akatugeukia.

"Mwalimu," alituambia, "pamba ilimla baba yangu. Mtoto huyu haitamla."

Wakaenda zao. Hatukuwa na jibu. Lakini neno lile halikutuacha tulale, na siku zilizofuata tukaanza kuwauliza wazee na kusoma vitabu, ili tujue pamba na uzi vilifikaje katika nchi ya Maniema.

NGUO ZA WAZEE WETU

Kwanza tulijifunza kwamba wazee wetu walijua kufuma muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kufika. Walifuma rafia. Walikata majani machanga ya mti huo, wakaondoa ngozi ya juu, wakaikausha, wakaichana kuwa nyuzi nyembamba, wakazifuma. Nguo zile hazikuwa za kuvaa tu. Katika sehemu nyingi za Kongo zilitolewa mahari, zililipa deni na faini, zilifunika maiti wa heshima.

Lakini rafia haihitaji kusokotwa. Uzi wake ni jani lenyewe, mrefu tayari, wapata mita moja na kitu. Kwa sababu hiyo kitambaa cha rafia huwa na kipimo cha jani: mfumaji hufuma vipande vidogo, kisha huvishona pamoja ili apate nguo kubwa. Ndiyo maana gurudumu letu lilikuwa geni machoni pa wazee, ingawa wengi wao waliwaona baba zao wakifuma.

Hata hivyo kusokota kwenyewe hakukuwa kugeni. Wavuvi wa Lualaba na wawindaji wa msituni walisokota kamba za nyavu na za mitego kwa nyuzi za magamba ya miti, wakizisukuma juu ya paja kwa kiganja. Jambo hilo tulilisikia mapema, tukaliandika, tusilitilie maana. Msomaji aliweke moyoni; tutalirudia.

PIA NA GURUDUMU

Mbali na kwetu, kandokando ya bahari ya mashariki, Waafrika walisokota pamba tangu zamani sana. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilipelekwa hata Misri. Huko Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale walivumbua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Hivyo ni vizito vya pia. Pia ni kijiti chembamba chenye kizito karibu na ncha yake. Msokotaji hukizungusha kwa vidole, nacho huzunguka chenyewe kikisokota uzi. Kazi hiyo ilifika pia mbali bara. Mwingereza Burton, aliyepita Unyamwezi katika miaka ya 1857 na 1858, aliwakuta watu wakifuma nguo za pamba yao wenyewe, na Ufipa, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, nayo ilikuwa na wafumaji wake.

Pia ni chombo kizuri, lakini ina uvivu wake. Kila ukipata urefu wa mkono, huna budi kusimama ili uuzungushie uzi kwenye kijiti. Gurudumu lilivumbuliwa huko Asia ili kuharakisha kazi hiyo. Picha moja iliyochorwa Baghdad mwaka 1237 yaonyesha gurudumu la kusokotea, na katika karne hiyohiyo ya 13 chombo hicho kilikwisha kufika Ulaya. Lile la kwetu ni la aina hiyo ya zamani kabisa: mkono mmoja wazungusha, mkono mmoja wavuta. Kwa hiyo mama wa Kindu aketipo mbele ya gurudumu la baiskeli, afanya kwa mikono yake kama walivyofanya akina mama wa Asia miaka mia nane iliyopita.

NGUO ILIYOITWA MAREKANI

Halafu zikaja mashine. Mnamo mwaka 1764 Mwingereza James Hargreaves aliunda chombo ambacho mtu mmoja aliweza kukitumia kusokota nyuzi nane kwa mara moja. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata hati ya serikali ya mashine yake, ambayo baadaye ilizungushwa kwa nguvu ya maji. Na mwaka 1779 Samuel Crompton akaunda nyingine iliyotoa uzi mwembamba na wenye nguvu zaidi. Mwaka 1790 mashine za namna ya Arkwright zilianza kusokota huko Pawtucket, Marekani. Mashine hizo zilikuwa na njaa kubwa, nazo zililishwa pamba. Na pamba ya Marekani ililimwa na nani? Ililimwa na watumwa, watoto wa Afrika na wajukuu wao.

Tangu miaka ya 1830, wafanyabiashara wa mji wa Salem, huko Marekani, walileta Unguja nguo nyeupe, nzito, isiyotiwa rangi. Mkataba wa biashara kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani ulitiwa sahihi mwaka 1833. Watu wakaiita nguo ile merikani, kwa jina la nchi ilikotoka, na jina hilo bado lajulikana na wengi. Merikani ikawa fedha ya safari. Misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Maniema. Na hapa Maniema nguo, shanga na bunduki vilikuwa mikononi mwa watu waliotafuta pembe za ndovu na watumwa.

Tafadhali, msomaji, simama kidogo hapa. Mtu mweusi alilima pamba kwa kupigwa katika nchi ya mbali. Pamba ile ikasokotwa kwa mashine, ikawa nguo, ikavushwa bahari mbili, ikabebwa vichwani mwa wapagazi, ikafika Nyangwe na Kasongo, nchi ambamo watu walikuwa wakikamatwa na kufungwa minyororo. Ni uzi mmoja, ncha mbili, na kila ncha ilikuwa na mtumwa. Daktari Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akaona soko lililojaa wanawake waliokuja kuuza samaki, vyungu na vyakula. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwafyatulia risasi wanawake wale, na mamia yao wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama Lualaba.

Utawala ule wa misafara ulivunjwa na vita ya mwaka 1892 hadi 1894. Nyangwe ilitekwa mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Wenye nchi wakabadilika. Pamba ilikuwa haijamaliza habari zake nasi.

PAMBA YA LAZIMA

Mwaka 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa mfalme Leopold ikawa koloni ya Ubelgiji. Mwaka 1910 profesa mmoja wa kilimo, Edmond Leplae, aliwekwa kuongoza kazi za kilimo katika wizara ya makoloni. Alisoma habari za kilimo cha lazima ambacho Waholanzi walikitumia katika kisiwa cha Java, akaona kwamba Kongo nayo ingefaa kufanya vivyo hivyo. Majaribio ya pamba yakafanywa, na Maniema ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa. Nyangwe ileile ya soko la Livingstone ikapandwa pamba.

Tarehe 20 Februari 1917 ikatoka amri. Wanakijiji waliweza kulazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, kwa muda usiozidi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1920 ikaanzishwa kampuni kubwa ya pamba, iliyojulikana kwa jina la Cotonco. Mwaka 1921 nchi ikagawanywa katika sehemu, na katika kila sehemu kampuni moja tu ilikuwa na ruhusa ya kununua pamba, kwa bei isiyopangwa na mkulima. Na wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku 60 ziliongezwa zikawa 120. Hesabu mwenyewe: ni theluthi ya mwaka.

Wazee walitueleza kazi yenyewe. Shamba lilipimwa kwa kamba. Kapita alipita kutazama kama magugu yameng'olewa. Asiyetimiza alitozwa faini au alifungwa. Pamba huchumwa tumba moja moja, kwa vidole, katika jua, na maganda yake makavu huchoma kama miiba. Baadaye ilibebwa kichwani mpaka mahali pa kupimia mizani. Fedha zilipopatikana, kodi ilikuwa inangoja. Haki yatudai tuseme kwamba wako waliopata faida kidogo, wakanunua baiskeli au cherehani. Lakini wengi walitusimulia zaidi juu ya mashamba ya mihogo na mpunga yaliyochelewa kulimwa kwa sababu ya pamba, na juu ya njaa iliyofuata.

Kisha pamba ilitolewa mbegu na mashine, ikafungwa marobota, ikasafiri. Reli ya kutoka Kongolo ilikuwa imefika Kindu tangu mwaka 1910. Kutoka hapa mizigo ilishuka Lualaba kwa meli hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kutoka huko kwa reli hadi Stanleyville, ndiyo Kisangani. Halafu kwa meli tena hadi Leopoldville, kwa reli hadi Matadi, na baharini hadi Antwerp. Marobota yalipita mbele ya macho ya watu wa Kindu. Uzi ulizaliwa huko mbali, na nguo ikarudi ikiuzwa. Baadaye viwanda vya kusokota na kufuma vilijengwa nchini, kimoja Leopoldville na kingine Albertville, ndiyo Kalemie, na Wakongo wengi walifanya kazi humo. Lakini mkulima wa Maniema alibaki mtu wa kulima na kuuza. Amri ilitaja kulima, kusokota haikukutaja.

Baada ya uhuru wa 1960, na hasa baada ya uasi wa mwaka 1964 ambao Kindu haitausahau, mashamba mengi yaliachwa. Vita zilizoanza mwaka 1996 zikamaliza mengi yaliyokuwa yamebaki, na kiwanda cha Kalemie kimekwisha kunyamaza. Leo mipamba michache husimama nyuma ya nyumba, kama mbwa asiye na bwana. Kikapu chetu cha kwanza kilitoka katika mipamba ya namna hiyo, upande wa Kibombo.

MWANAFUNZI MWENYE UMRI MKUBWA

Tulipokwisha kusikia hayo, wengine kati yetu walisema gurudumu livunjwe. Ndipo tukakumbuka habari ya Bara Hindi.

Nchi ile ilikuwa imesokota na kufuma pamba tangu kale, lakini nguo za mashine za Uingereza ziliwapokonya wasokotaji kazi yao, hata katika sehemu nyingi magurudumu yakatupwa darini. Mohandas Gandhi, aliyekaa Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka ishirini, alisifu kazi ile kitabuni mwaka 1909, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba wakati ule hakumbuki kama alikuwa amepata kuliona gurudumu la kusokotea. Aliporudi kwao mwaka 1915 alitafuta mtu wa kumfundisha asimpate kwa urahisi. Mwishowe mama mmoja mjane, Gangaben Majmudar, aliyakuta magurudumu mengi huko Vijapur, katika nchi ya Baroda. Yalikuwa yamewekwa kando, lakini wenyewe walikuwa tayari kuyarudia kama wangeletewa pamba na kununuliwa uzi wao. Basi Gandhi, mtu mwenye miaka karibu hamsini na jina kubwa, akaketi chini kama mtoto wa darasa la kwanza, akajifunza kusokota. Na bila shaka uzi wake wa kwanza ulikatika kama wetu.

Habari hii ilitufundisha jambo moja. Pamba haina kosa. Kosa ni la kamba iliyopima shamba bila kumwuliza mwenye shamba, na la mizani iliyoshikwa na mtu mmoja. Lakini tulijua vilevile kwamba si sisi wenye haki ya kumwambia Koko maneno hayo. Sisi hatukufungwa kwa ajili ya pamba.

KOKO ARUDI

Alirudi mwenyewe, baada ya majuma kama sita. Hatukumwita. Alikaa kwenye gogo, mbali kidogo, akatazama. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu akatusimulia.

Alizaliwa wakati wa vita kuu ya pili, kijijini kando ya Lualaba. Baba yake alikuwa mvuvi. Walimpimia shamba la pamba, naye hakupenda jembe, alipenda maji. Mwaka mmoja samaki walipanda, akaenda mtoni siku ambazo ilimpasa kung'oa magugu. Akafungwa. Aliporudi alikuwa anakohoa, na kikohozi kile hakikumwacha mpaka alipokufa. "Siku ya mizani," alisema Koko, "alimnunulia mama kitambaa. Mimi nilimwuliza, Baba, pamba inageukaje kuwa kitambaa? Akaniambia, Sijui, mwanangu. Wanajua wenyewe huko. Alilima pamba miaka yote ile, akafa bila kuuona uzi wake."

Sote tulinyamaza. Mama mmoja akachukua msokoto wa uzi wetu, ule uliokuwa bora kuliko mingine, akampa Koko mikononi bila kusema kitu. Koko akautazama kwa karibu. Akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kidogo tu. Ukakatika.

"Huu ni mbovu," alisema.

Hatukubisha. Ndiyo ilikuwa shida yetu kubwa: uzi ulitoka, lakini haukuweza kuvumilia kufumwa. Koko akaokota vipande viwili, akavilaza pamoja juu ya paja lake, akavisukuma kwa kiganja mara moja, mara mbili, kwa kuvielekeza upande wa pili, siyo ule tuliosokotea sisi. Vikawa kimoja. Akavuta. Haukukatika. Akampa kijana mwenye nguvu, naye akavuta, na bado haukukatika.

"Baba alifanya hivi kwa kamba za wavu," alisema. "Moja haifai kitu. Weka mbili, na uzigeuze."

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo tulipoyakumbuka yale tuliyoyaandika kwanza tukayapita. Nyuzi mbili zilizosokotwa upande mmoja, zikiunganishwa na kusokotwa kinyume, kila mmoja hutaka kujifungua; na kwa kutaka kujifungua humkamata mwenzake. Ndiyo siri ya kamba ya wavu, na ndiyo siri ya uzi wa cherehani. Fundi wetu alikuwa ameitaja mara moja, kwa haraka, nasi hatukumwelewa. Tulikuwa tumevuka bahari katika vitabu kutafuta elimu ya uzi, na nusu ya elimu hiyo ilikuwa imeketi juu ya gogo, hatua kumi kutoka kwetu.

Tangu siku ile kila uzi wetu husokotwa mara mbili. Uzi wa kwanza tulioufanya hivyo haukuwa mzuri wa kufumwa, ulikuwa na vinundu vingi. Tuliukata ukawa utambi, tukautia katika taa ya mafuta ya mawese iliyo mbele ya Tabernakulo, nao uliwaka vizuri. Nyuzi zilizofuata zimekuwa afadhali. Kwa sasa mama mmoja hodari hupata uzi wa kutosha kitambaa kidogo cha mkono baada ya majuma kadhaa. Hatuwezi kuvisha parokia, wala hatudanganyi mtu kwamba gurudumu la baiskeli litashindana na viwanda.

Imebaki habari ya mjukuu. Siku moja Koko alikuja naye, akamkalisha mwenyewe mbele ya gurudumu. Kisha akatusimamia kama kapita, lakini kwa kinyume cha kapita.

"Mwalimu," alisema, "nitamwacha ajifunze, kwa neno moja. Akisokota, uzi ni wake. Akitaka auuze, akitaka autunze, akitaka amfungie mbuzi. Asiwepo mtu wa kumpimia."

Tuliwaita wote, tukamwomba arudie mbele yao, nao wakakubali. Tukaliandika neno lake kwa chaki nyeupe juu ya ubao wa gurudumu. Mvua hulifuta mara kwa mara, na kila mara mjukuu wa Koko huliandika upya.